Kijembe Kilichokwama

Mwezi wa Aprili, mvua za Kyela zinapokuwa hazina simile, chuma hakikawii kushika kutu. Nilirudi Busale kwa kazi ndogo: kutoboa matundu manane katika fremu mpya ya mlango wa mama. Drili ya marehemu baba ilikuwa rafuni, na biti ya milimita 6 ingali mdomoni mwake. Nilihitaji ya milimita 10. Ile ya zamani ikakataa kutoka.

Karakana hiyo sasa ni ya mdogo wangu, ambaye tulikuwa hatujasemezana tangu Krismasi. Chanzo kilikuwa beti nne nilizoziandika katika kundi la ukoo, baada ya yeye kuuza kakao ya mama bila kunishauri. Sikumtaja jina. Ushairi una njia zake za kumfikia mtu bila kumtaja, nami nilijivunia vina vyangu vilivyotimia.

Nilipoinua nyundo, aliidaka.

“Kaka, ukikigonga hivyo kichwa kitapinda. Chomoa waya kwanza.”

Alidondosha mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, tone kwa tone, baina ya taya tatu zilizoibana biti. Kisha akasema tusubiri. Tukakaa kwenye benchi moja, mvua ikipiga bati, kila mmoja akitazama upande wake.

Kimya kilipozidi, nikakimbilia ninakokimbilia siku zote: maneno. Nikamweleza kwamba chombo cha kutobolea mbao kwa Kiswahili cha mafundi wa kale ni keekee, na kwamba kamusi za zamani zinavitaja viungo vyake kimoja kimoja. Kuna uta wa kuizungushia, jivu la kushikia kwa juu, na msukano, yaani mti uliokamata chuma. Chuma chenyewe kinachotoboa huitwa kijembe.

“Kijembe,” alirudia, bila kunitazama. “Basi ndicho kilichokwama.”

Nilijua hakuwa akiizungumzia drili.

Baada ya muda alitia ufunguo katika tundu la kwanza, akaugeuza kidogo kinyume cha saa. Akahamia la pili, kisha la tatu, halafu akarudi la kwanza. “Usishindane na tundu moja,” alisema. “Kila upande ulegee kidogo.” Katika mzunguko wa nne taya zikalia, zikaachia. Biti ikaanguka kiganjani mwangu, imevaa vumbi jekundu la kutu.

Hapo nikamwomba radhi. Nilisema kwa nathari, tena nathari mbovu, isiyo na kina wala mizani. Sentensi ya pili sikuimaliza. Akajibu kwamba naye alikosea kutonipigia simu kabla ya kuuza. Kisha akaichukua biti ya milimita 10, akaipaka oili, akanikabidhi drili.

Sisi watunzi hukisifu kijembe kwa jinsi kinavyoingia: kimenolewa vipi, kimefichwa wapi, kimemchoma nani. Mdogo wangu, asiyeandika shairi, alinionesha kazi ya upande wa pili, na kazi hiyo ilitula adhuhuri nzima. Beti zile zingali daftarini mwangu. Vina vimetimia, nami sijazisoma tena.

Matundu manane tuliyamaliza kabla ya magharibi. Saba niliyatoboa mimi. La nane, la bawaba ya chini, nilimwachia yeye.