Kibuyu Kilichohama Jikoni

Ukikulia Dodoma, mvinyo haukushangazi. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mgeni akija hapumziki mpaka apelekwe Hombolo au Makutupora akaone mashamba, aonjeshwe, asifie hata kama umemkwaruza koo. Kwa hiyo nilipokwenda kusoma kilimo Chepkoilel, nje kidogo ya Eldoret, niliwauliza wenzangu: mgeni wenu huwa mnampeleka wapi? Mmoja wao, kijana wa Moiben, akasema Jumamosi twende kwao nikaone mursik, maziwa yao ya kuchachishwa kwenye kibuyu.

Hiyo ilikuwa 2011, Chepkoilel ikiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Chuo Kikuu cha Eldoret kilikuja 2013. Matatu ilipita kati ya mashamba ya ngano, baridi ya asubuhi ikipenya madirishani. Nyumbani kwao nikamwamkia bibi yake kwa shikamoo ya Kitanzania. Mjukuu akaninong'oneza, nikarekebisha: "Chamgei, kogo." Akacheka, akanishika mkono, akanipeleka moja kwa moja jikoni.

Nilitegemea kuonjeshwa maziwa. Kogo alianza na chombo. Kibuyu, ambacho wao hukiita sotet, kilikuwa kimeoshwa na kukauka. Akachukua kijiti cha senetwet kilichokuwa kinawaka, akakiingiza ndani, akaanza kusugua kwa sosiot, ule ufito mrefu wa kazi hiyo, hadi mkaa ukasagika na kushika ukuta wote wa ndani. Hakuwa na haraka. Aligeuza kibuyu, akachungulia, akanusa, akasugua tena. Ndipo yakamiminwa maziwa yaliyochemshwa na kupoa, kifuniko kikabanwa, kibuyu kikawekwa pembeni penye ubaridi kikae siku kadhaa. Tulichokunywa sisi kilitoka katika kibuyu kingine, kilichokwisha kuiva: kizito, rangi ya kijivu inayoelekea buluu, kikali, chenye harufu ya moshi. Kwetu mtengeneza mvinyo hujisifia pipa lake. Hapa niliona ni kibuyu kinachofanya kazi hiyo, na mwenye kujua kibuyu ni mwanamke wa nyumba. Kila jiko lilikuwa na ladha yake, na majirani walizijua.

Nimerudi Eldoret mara nyingi tangu hapo, na kila nikirudi mursik imesogea hatua nyingine kuelekea friji. Mjini utaipata kwenye chupa za plastiki. Mkaa umo, uchachu umo, ila ladha ni moja kila chupa. Silaumu. Mama anayefanya kazi mjini hana wiki ya kungoja kibuyu, na mimumunye ya bustanini imepungua kadiri mashamba yanavyogawanywa. Pia kuna wasiwasi ambao siku ile hatukuuwaza: watafiti walikuta katika mursik alkoholi kidogo pamoja na asetaldehaidi, kemikali inayotajwa katika mjadala wa saratani ya umio, ugonjwa unaolisumbua sana Bonde la Ufa. Mvinyo wetu nao una yake, basi sina ubavu wa kuwacheka.

Kibuyu chenyewe kimepanda cheo. Mwanariadha akirudi na medali, anapokewa uwanja wa ndege kwa kunyweshwa kutoka katika sotet iliyopambwa shanga, kamera zikiwaka. Katika koito, sherehe ya kuposa, hakikosekani. Madukani kinauzwa kama pambo la sebuleni, kikavu, hakijawahi kuonja maziwa. Mimi, kwa kweli, hilo ndilo linaloniudhi kuliko chupa ya plastiki. Chupa angalau inafanya kazi.

Baada ya Eldoret kupandishwa hadhi kuwa jiji, Agosti 2024, yule rafiki yangu wa Moiben alinialika kwenye koito ya mdogo wake. Kogo alikwisha kufariki. Sotet zake zilikuwa zimening'inizwa ukutani, zimefutwa vumbi. Asubuhi, kabla wageni hawajafika, mashemeji walifungua chupa za dukani wakazimimina humo, wakatikisa vizuri, wakaziba. Wageni wakaja, hotuba zikasemwa, kibuyu kikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akanywa funda moja, akapangusa midomo, akatangaza kwa sauti kwamba hii ni ya friji. Watu wakaangua kicheko. Akaongezewa, akanywa yote.