Upepo Hufukuza, Hauzoi

Usafi wa uwanja ni uso wa nyumba. Mgeni akifika langoni, kabla hajakaribishwa kiti wala maji ya kunywa, macho yake hutangulia kuona kama majani yamefagiliwa ama yamelala hapo tangu jana. Kwa sababu hiyo, katika nyumba nyingi za Uganda, sauti ya kwanza ya asubuhi baada ya jogoo ni ya ufagio wa vijiti ukikwaruza ardhi. Aghalabu mwenye kuushika ni mama au binti wa nyumba, naye huwa ameinama, mkono mmoja kiunoni na mwingine ufagioni.

Katika miaka ya karibuni kimeingia chombo kingine cha kazi hiyo. Ni mashine ya kupulizia majani inayotumia betri, isiyo na waya wala petroli, ambayo wauzaji huiita bloa. Nyuma ina betri, katikati ina feni, na mbele ina bomba litoalo upepo mkali. Wenye nyumba wameinunua kwa matumaini makubwa. Baadhi yao wameshukuru, na baadhi wameifungia stoo. Yafaa kuyapima yaliyowapata, kwani mshahara wa askari au karani hauna nafasi ya kujaribia kila kitu kipya.

DARASA LA KIKUUBO

Hakuna mahali panapofundisha tabia ya upepo kuliko Kikuubo, katikati ya Kampala, karibu na Nakivubo. Neno lenyewe kwa Kiganda lina maana ya ujia mwembamba kati ya nyumba, na mtaa huo haukusingiziwa jina. Ni huko ambako sabuni, sukari, biskuti na mafuta ya kupikia huuzwa kwa jumla, na wafanyabiashara kutoka Kongo, Sudan Kusini na Rwanda hufika kujaza mizigo yao. Maduka yametazamana kwa karibu, na wachukuzi wenye magunia mabegani hupita katikati wakiomba njia kwa sauti.

Mfanyabiashara mmoja wa sabuni na mabeseni alinunua mashine ya kupuliza ili asafishe mbele ya duka lake. Asubuhi ya kwanza alifurahi, maana kazi ya robo saa ilimalizika kwa dakika mbili. Dakika ya tatu alitokea mama wa duka la pili, ameshika katoni ya biskuti iliyogeuka rangi kwa vumbi.

"Mwanangu," mama huyo alimwuliza, "wewe umefagia kwako, ama umehamishia kwangu?"

Swali hilo halikuwa na jibu. Kesho yake mashine ilielekezwa upande wa kushoto, na malalamiko yakatoka kushoto. Siku ya tatu wenye maduka walikaa na kupatana: apulize kabla milango haijafunguliwa, anyunyize maji kidogo kwanza, aelekeze upepo kwenye ukuta wake mwenyewe, na mtu asimame hapo na kizoleo na gunia. Alipotimiza masharti yote hayo, alitambua kwamba kijana wake wa dukani bado ana kazi ile ile ya kuzoa. Hata hivyo hakuitupa mashine. Leo huitumia kutoa vumbi katika nyufa za katoni zilizopangwa na katika reli za mlango wa chuma, mahali ambapo ufagio haufiki.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila mwenye mashine hii hulijua baada ya kuilipia. Upepo hufukuza taka, lakini hauzoi. Kabla ya kubonyeza kitufe, hapana budi mtu ajue taka zitasimama wapi na nani atakayeziokota.

BETRI NDIYO MASHINE

Jambo la pili ni la fedha, nalo lilimpata sajini mmoja mstaafu wa polisi. Mkewe alikuwa na maumivu ya mgongo tangu mimba ya kitinda mimba wao, na kila asubuhi aliinamia uwanja wenye mwembe na mfenesi. Mzee huyo alichukua sehemu ya akiba yake, akateremka mjini, akanunua mashine iliyoandikwa 48VF kwa tarakimu kubwa, pamoja na betri mbili. Alipofika nyumbani, kila betri ilifanya kazi kwa dakika zisizozidi nane. Uwanja haukuwa umefika nusu.

Fundi wa umeme jirani yake ndiye aliyemfungulia macho. Maandishi kama 48VF, 88VF au 288VF si kipimo cha nguvu ya umeme. Mara nyingi ndani ya betri za namna hiyo hukutwa seli tano tu. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 kwa wastani, na huzidi 4 kidogo inapokuwa imejaa. Kwa hiyo seli tano zilizopangwa mfululizo hutoa volti 18, na zikijaa kabisa zaweza kuitwa 20. Kumbe hata kampuni zinazoheshimika, moja ikiandika 18 na nyingine 20, huenda zikawa zinauza betri ya nguvu ile ile.

Kinachoamua muda wa kazi ni tarakimu nyingine iliyoandikwa kwa maandishi madogo: ampea kwa saa. Hesabu yake yamfaa hata mtoto wa shule ya msingi. Volti 18 mara ampea 2 kwa saa ni 36, yaani wati 36 kwa muda wa saa moja. Mashine inayokula wati 200 ikivuma kwa nguvu zake zote itaimaliza akiba hiyo kwa dakika 11 hivi. Betri ya ampea 4 itafika dakika 22. Baada ya hapo ni kusubiri chaji, na siku ambayo umeme umekatika ni kurudi kwenye ufagio.

Fundi alimfundisha pia kwamba mizani hufichua uongo wa maandishi. Seli nyembamba ya kawaida ina uzito wa gramu 45 hivi. Betri ya ampea 2 huwa na seli tano kama hizo, na ya ampea 4 huwa na seli kumi, ama tano nene zenye gramu 70 hivi kila moja. Basi betri mbili zikiwa na uzito sawa, na moja imeandikwa 2 na nyingine 4, mojawapo inasema uongo. Mzee alirudi mjini, akaongeza fedha, akabadilishiwa mashine na betri, na safari hii kila betri ilipandishwa juu ya mizani ya sukari kabla ya malipo. Muuza duka alicheka, lakini hakukataa.

Yapo mengine ya kuangaliwa papo hapo dukani. Chaja iwe ya volti 240, kwani iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, yenye volti 120 peke yake, huungua ikichomekwa Kampala. Betri ya kampuni moja aghalabu haiingii katika mashine ya kampuni nyingine. Mwenye kutoboa mbao kwa drili ya betri hufanya vyema kununua mashine ya kupuliza inayokubali betri aliyo nayo tayari. Betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto iachwe ipoe ndipo ichajiwe, wala isihifadhiwe chini ya bati linalochomwa na jua la mchana. Ikifa isitupwe motoni, maana hulipuka.

UWANJA WENYEWE

Hata baada ya kupata betri ya kweli, nyumba ya sajini ilikuwa na somo jingine. Nusu ya uwanja wake imetandikwa vitofali vya saruji, na nusu ni udongo wa muramu. Juu ya vitofali mashine ilifanya ajabu. Majani makavu ya mwembe yalikimbia kama kuku, na mama alitembea nyuma yake amesimama wima. Juu ya muramu, katika ukavu wa Januari, ilinyanyua wingu jekundu lililoingia madirishani na kulala juu ya vyombo. Mjukuu wao mwenye pumu alikohoa usiku kucha. Kesho yake mama alitoa amri ambayo hata sajini hakuipinga: mashine isikanyage muramu tena.

Mvua za Machi zilipoanza, tatizo likageuka. Jani la mfenesi ni zito na gumu; likilowa hung'ang'ania ardhi, na upepo hupita juu yake bila kulitikisa. Kwa upande huo wa uwanja mzee alimpelekea seremala ufagio wa vijiti, ukatiwa mpini mrefu unaofika kifuani. Mama alipoujaribu, alifagia mpaka mwisho bila kushika kiuno.

"Mzee," alimwambia mumewe, "kumbe nilichokuwa nakihitaji ni mpini."

Maneno hayo yastahili kufikiriwa na kila nyumba. Kilichouumiza mgongo wa mama ni kuinama, na kuinama kuna dawa ya bei ndogo kuliko mashine.

Tena kuna majirani. Mashine ya betri haipigi kelele kama ya petroli, lakini hulia. Katika nyumba za mstari za askari, ambako ukuta mmoja hugawa familia mbili, saa mbili ya asubuhi ndiyo saa ya usingizi kwa aliyetoka lindo la usiku. Nchi nyingine zimeona haja ya kuweka sheria. Mji wa Carmel huko California ulipiga marufuku mashine hizi mwaka 1975, na Ujerumani kwa kanuni ya mwaka 2002 iliwekea mashine zenye kelele saa maalumu katika mitaa ya makazi. Kwa majirani wa mstari mmoja, kuulizana kwatosha: "Baba yupo zamu gani wiki hii?"

MAJANI YAENDE WAPI

Wapo wanaopuliza majani hadi barabarani na kuona kazi imekwisha. Mvua ikinyesha, majani hayo hushuka mferejini pamoja na mifuko na chupa, na kuziba maji. Mitaro ya bonde la katikati ya Kampala humwaga katika mfereji wa Nakivubo, nao huelekea kwenye ghuba ya Ziwa Viktoria ambamo mitambo ya Ggaba huchota maji ya jiji. Taka zinazobebwa na malori nazo zina hadithi yake ya huzuni: tarehe 10 Agosti 2024 rundo la taka la Kiteezi liliporomoka, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha.

Jani kavu halina sababu ya kufika huko. Likiwekwa chini ya migomba huzuia unyevu usikauke na baadaye huwa mbolea, kama wazee wa Buganda walivyofanya siku zote. Asiye na mgomba achimbe shimo dogo pembeni mwa uwanja.

Kwa hiyo, mwenye uwanja mpana wa saruji, miti mingi na umeme wa kutegemewa hatajuta kununua mashine hii, mradi apime betri kabla ya kulipa. Mwenye uwanja wa udongo, mtoto mwenye pumu, au jirani wa ukuta mmoja, aanze na mpini mrefu, reki na kizoleo. Fedha itakayobaki iende kwenye ada ya shule.