Keria na Kariakoo: Ziara ya Baiskeli katika Mji wa Dar es Salaam

Miji ya mwambao wa Afrika Mashariki imeandikwa sana. Imeandikwa na mabaharia, wamisionari, maofisa wa serikali za kikoloni, na baadaye wanahistoria wazalendo. Kinachoandikwa kwa nadra ni namna miji hiyo inavyosimuliwa kwa mdomo, siku hadi siku, na vijana ambao kazi yao ni kuwatembeza wageni. Aghalabu masimulizi hayo huhesabiwa kuwa ni porojo za biashara, zisizostahili kutazamwa na mtaalamu. Hata hivyo, kwa maelfu ya watu wanaopita mjini kwa siku moja au mbili, porojo hizo ndizo historia ya pekee watakayoisikia. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza masimulizi hayo yanasema nini, yananyamazia nini, na yanasemwa kwa lugha gani.

Miongoni mwa njia za kuwatembeza wageni jijini Dar es Salaam ni baiskeli. Jumapili moja ya mwezi Julai 2023, saa moja asubuhi, watu sita walikusanyika Kivukoni, karibu na Posta ya Zamani, kwa ziara ya saa tatu. Watano walikuwa wageni kutoka Ulaya. Wa sita alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mama wa makamo kutoka bara, aliyekuwa amepita barabara hizo mara nyingi akiwa ndani ya basi na hajapata hata mara moja kusimama. Kiongozi wao alikuwa kijana wa mjini, mchangamfu, mwenye Kiingereza chepesi. Baiskeli zilikuwa mpya, zenye gia nyingi na breki kali. Hazikuwa na madigadi wala keria. Kijana alimwamkia mwalimu, akampa kofia ngumu, akamuuliza kwa adabu, "Mama, baiskeli unaiweza?" Mwalimu akajibu kwamba aliendea shule kwa baiskeli miaka saba.

Baiskeli ina mwendo wake wa kuutazama mji. Abiria wa daladala huona migongo ya abiria wenzake na jina la kituo kinachofuata. Mtembea kwa miguu huona mengi, lakini jua humshinda kabla hajamaliza mitaa mitatu. Mwendesha baiskeli husogea kwa kasi inayomwezesha kuunganisha mtaa na mtaa, na huku masikio yake yako wazi: anasikia king'ora cha pantoni, anasikia wito wa muuza kahawa, anasikia watu wakiitana kwa majina ya mahali.

Kituo cha kwanza kilikuwa palepale Kivukoni, bandari ikiwa mbele. Kijana alieleza kwamba jina la jiji lina maana ya bandari ya salama. Tafsiri hiyo ndiyo inayopendwa na vitabu vya wasafiri, nayo inavutia kwa kuwa bandari yenyewe imejificha nyuma ya mlango mwembamba, maji yake yametulia kama ya ziwa. Lakini mwanafunzi wa lugha atatambua kwamba neno la Kiarabu lililomo katika jina hilo ni *dar*, yaani nyumba au makao, wala si *bandar*. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanza kujenga hapo katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, aliupa mji wake jina la makao ya amani. Tofauti ni ndogo kwa sauti, kubwa kwa maana. Bandari ni ya wapitao, makao ni ya wakaao. Majid alifariki mwaka 1870, kazi ikazorota, na mwaka 1891 Wajerumani wakauhamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Tangu hapo mji umesimuliwa zaidi kwa jicho la anayeingia na meli.

Msafara ulifuata ukingo wa maji. Ulipita Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania, yote mawili yaliyoanzwa mwishoni mwa karne ya 19. Ukafika Magogoni, mahali pa pantoni la Kigamboni, na kwenye soko la samaki, ambako mnada ulikuwa umepamba moto. Ukapita mbali kidogo na Ikulu, kamera zikiwa zimefichwa kama kijana alivyoagiza, ukatokea kwenye barabara ya ufukweni ambayo kwa miaka mingi iliitwa Ocean Road na mwaka 2013 ikapewa jina la Barack Obama. Hospitali ya Wajerumani iliyo kando ya barabara hiyo, ambayo leo ni taasisi ya kutibu saratani, imebaki na jina la zamani. Hapo wageni walipiga picha nyingi.

Haitakuwa haki kumbeza kijana huyu. Alijua tarehe zake, alijua kuchekesha, na alijua kumlinda mgeni dhidi ya gari linalokuja upande asioutazamia. Lakini katika saa nzima ya kwanza, kila alichokieleza kilikuwa ni jiwe: nani alilijenga, mwaka gani, kwa mtindo gani. Majina aliyataja kwa ajili ya kuonyesha njia tu. Kivukoni, Magogoni, Mzizima, yote yaliwapita wageni kama kelele za kupendeza. Walipopita mtaa wenye jina la Shaaban Robert, ulio na Makumbusho ya Taifa, mgeni mmoja aliuliza huyo ni nani. "Mshairi wetu," alijibu kijana, na baiskeli zikaendelea.

Penye sanamu ya Askari, katikati ya barabara ya Samora, msafara ulisimama kwa kitambo. Sanamu hiyo ya shaba iliwekwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliotumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, na kuna ya Kiswahili pia, kwa hati za Kirumi na kwa hati za Kiarabu. Kijana aliwasomea wageni ya Kiingereza. Mwalimu alizunguka upande wa pili akawa anajaribu kusoma zile hati za Kiarabu, ambazo wenyeji wengi wa zamani wa mji huo wangezisoma kwa wepesi kuliko zile za Kirumi. Maandishi yanawataja wapagazi pamoja na askari. Lakini aliyesimamishwa juu ya nguzo, singe yake ikielekea bandarini, ni askari peke yake. Mpagazi yumo katika maneno. Katika shaba hayumo.

Hapo ndipo mwalimu alipouliza: "Mwanangu, ziara hii ukiitoa kwa Kiswahili, hapa unawaambiaje watu?"

"Sijawahi kuitoa kwa Kiswahili, mama."

"Hata mara moja?"

"Nani atalipa pesa aonyeshwe kwao?" Kijana alicheka, kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefikiri, "Na hata nikitaka, nilifundishwa yote kwa Kiingereza. Sijui nianzie wapi."

Jibu hilo ni zito kuliko lilivyosemwa. Kijana aliyezaliwa na kulelewa kwa Kiswahili, katika mji uliochangia sana kukieneza Kiswahili nchini, hana lugha ya kuusimulia mji wake isipokuwa ile aliyofundishwa kwa ajili ya wageni. Si kwamba Kiswahili hakitoshi, ila hakuna aliyekaa naye akayapanga masimulizi hayo kwa Kiswahili.

Kutoka Askari hadi Mnazi Mmoja ni mwendo wa dakika chache, lakini ni safari kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, na baadaye za Waingereza, ziliugawa mji katika kanda, na wakazi wakazipa kanda hizo majina kwa sarufi yao wenyewe: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kiwanja cha Mnazi Mmoja kiliachwa wazi kuwa mpaka kati ya mji wa mawe na mji wa Waafrika. Historia ikakigeuza kiwanja kile. Hatua chache kutoka hapo, katika mtaa unaoitwa leo Lumumba, chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mahali palipokusudiwa kuwatenganisha watu pakawa mahali pa kuwakusanya. Ziara nyingi fupi huishia upande wa bahari wa kiwanja hiki. Msomaji atambue kwamba ziara ya namna hiyo, bila ya kukusudia, huufuata mpaka uleule uliochorwa na mkoloni. Kiongozi huyu alivuka, na kwa hilo anastahili sifa.

Kariakoo hata Jumapili haina utulivu. Jengo la soko, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kuungua kwa moto mwezi Julai 2021, lilikuwa bado katika ujenzi, lakini biashara ilikuwa imejaa mitaani. Katika mtaa mmoja wa pembeni gurudumu la mgeni lilipata pancha, na wote wakasimama kwa fundi, mzee aliyekaa kwenye kigoda chini ya turubai, beseni la maji mbele yake. Mwalimu alimwamkia, mzee akaitikia marahaba, akaipindua baiskeli, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii haina keria," alisema. "Mizigo wanaweka wapi?"

"Hawana mizigo, babu," alijibu kijana. "Wanatazama mji."

"Wanatazama mji," mzee alirudia, akiutoa mpira wa ndani, "bila mzigo."

Mwalimu alicheka pamoja na wengine, kisha akanyamaza. Keria ni ile sehemu ya nyuma ya baiskeli inayobeba gunia la mkaa, kreti la soda, tenga la kuku, mtoto anayepelekwa zahanati. Kwa mtu wa Kariakoo, baiskeli ni keria kwanza, na vilivyobaki vipo kwa ajili ya kuisukuma. Neno hilo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mbebaji. Na neno hilohilo ndilo lililozaa jina la mtaa waliosimama. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, waliweka hapo kambi ya kikosi chao cha wapagazi, *Carrier Corps*, na wenyeji wakalitamka jina la kikosi kwa matamshi yao: Kariakoo. Nairobi nako kambi kama hiyo iliacha jina, ila kule likabaki Kariokor, likiwa na konsonanti mwishoni. Dar es Salaam likafuata kaida ya silabi wazi hata likaonekana kama neno lililokuwepo tangu zamani. Neno moja la kigeni liliingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Kwa mlango wa vita likawa jina la mahali, na kwa mlango wa kazi likawa jina la chombo. Maana yake ni ileile, kubeba.

Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Kwa kuwa nguzo ya shaba ilimpandisha askari, mpagazi aliachiwa neno tu, na neno hilo hutamkwa na makondakta wa daladala mara nyingi kwa siku kuliko jina la shujaa yeyote.

Mwalimu alilieleza jambo hilo kwa Kiswahili, huku fundi akikwangua mpira kwa msasa. Kijana alisikiliza, kisha, pengine kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaacha masimulizi aliyoyakariri. Akaeleza jinsi bibi yake alivyokuwa akisema "naenda mjini" kila alipovuka Mnazi Mmoja, ingawa nyumba yake ilikuwa Kariakoo, katikati ya jiji. Mzee fundi akaongeza yake kuhusu mitaa ya Kongo, Sikukuu na Narung'ombe. Mazungumzo yaliendelea hadi gundi ikakauka. Ndipo mgeni mmoja akauliza walikuwa wakizungumza nini. Kijana alitafakari, akajibu kwa sentensi moja ya Kiingereza: kwamba hili ni soko la zamani lenye jina la jeshi.

Sentensi hiyo haikuwa ya uongo. Hata hivyo, kati yake na mazungumzo yaliyoitangulia kuna pengo ambalo Kiingereza kizuri zaidi kisingeliziba, kwa kuwa masimulizi yenyewe hayajatungwa bado katika lugha ya kwanza. Mtu hawezi kutafsiri kitabu ambacho hakijaandikwa.

Ni dhahiri, basi, kwamba mji kama Dar es Salaam una kumbukumbu za aina mbili. Kumbukumbu za mawe ziliachwa na wale waliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe. Kumbukumbu za maneno ziliachwa na wale waliobeba mawe hayo. Ziara inayosimama penye majengo na kuyapita majina huwaona wajenzi na kuwakosa wabebaji. Jambo hili haliwahusu wageni peke yao. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao hushuka Kariakoo bila ya kujua wameshukia kambi ya nani.

Idara za Kiswahili zimefanya mengi katika kukusanya istilahi, tungo na lahaja. Majina ya mahali mara nyingi yameachwa yawe tanbihi katika kazi za wanahistoria. Kazi iliyopo haihitaji mtambo wala fedha nyingi: ni kuyakusanya majina ya mitaa pamoja na visa vyake kutoka kwa mafundi baiskeli, wauza kahawa na mabibi waliosalia, kupambanua asili iliyothibitika na ile inayopendeza tu, na kuyarudisha kwa Kiswahili fasaha mikononi mwa vijana wanaolisimulia jiji kila asubuhi. Wakishakuwa nayo kwa Kiswahili, Kiingereza chao kitapata cha kusema. Na huenda akapatikana mwenyeji atakayelipa ili aonyeshwe kwao, pindi atakapotambua kwamba hajawahi kupaona.