Ng'ombe aliyekuwa anaelea

Jumapili jioni, Katoro mkoani Geita, baba alirudi kutoka machimboni, akanawa, akala. Mwanawe wa kidato cha kwanza alisubiri sahani ziondolewe, ndipo akamletea daftari.

Pembeni mwa kila ukurasa alikuwa amechora ng'ombe anayevuta mkokoteni. Ukizipitisha kurasa haraka kwa kidole gumba, ng'ombe anatembea. Zilikuwa kurasa 24, kazi ya wiki nzima.

Baba alizipitisha mara moja tu. "Huyu ng'ombe gani? Anaelea kama rambo kwenye upepo!"

Wadogo zake wakaangua kicheko. Mtoto naye akacheka kidogo, akafunga daftari. Wiki mbili zikapita bila kuchora chochote.

Mama ndiye aliyeliona hilo. Usiku mmoja akamwambia mumewe, "Baba watoto, kosa uliliona kweli. Lakini hukumwambia liko wapi. Ulimwachia kicheko tu."

Maneno hayo yalimkaa. Baba huyo amekulia kwenye ng'ombe, kijijini Shinyanga, na ameshika plau tangu utotoni. Leo hubeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara. Uzito anaujua. Alikuwa na la kumfundisha mwanawe, ila alilitoa kama kejeli.

Jumapili iliyofuata aliliomba daftari mwenyewe. Safari hii alianza kwa kuuliza, "Mkokoteni wako umebeba nini?"

"Magunia ya mpunga, baba."

"Miguu umeipanga vizuri. Ila ng'ombe wako hajui kama magunia yamo."

Akainuka, akashika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, akamwambia mtoto amtazame magoti. Kabla ndoo haijanyanyuka, mwili ulishuka kwanza. Bega likavutwa upande wa mzigo. Kila alipokanyaga, mwili uliulalia mguu kidogo kabla ya hatua nyingine.

"Ng'ombe naye ni hivyo. Anainamisha kichwa, anaisukuma nira, na mkokoteni bado umesimama. Ndipo unasogea. Na nundu haiendi sawa na mwili, inayumba baadaye."

Mtoto akaanza kujitetea: kurasa zilikuwa chache, penseli ilikuwa butu. Mama akamkatiza kwa upole, "Sikiliza kwanza mwanangu, uandike. La kukataa utalikataa kesho."

Kesho yake kweli alikataa moja. Baba alitaka mkia upige nzi, yeye akaona utamfanya mtazamaji ausahau mzigo. Baba akakubali.

Hata wenye kazi hii hupimwa na watazamaji wao. Ubongo, taasisi ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2013 na inayotengeneza katuni za Ubongo Kids na Akili and Me, huwaonyesha watoto kazi zake ili kuona wanavyozipokea.

Mzazi, mtoto akikuletea kazi yake, muulize kwanza alitaka kuonyesha nini. Taja kilichokaa vizuri. Kisha mwonyeshe kosa moja au mawili, mahali lilipo na namna ya kulirekebisha. Kama unaweza kulionyesha kwa mikono yako, inuka. Na usifanye hivyo mbele ya wanaosubiri kumcheka. Mtoto naye afundishwe kusikiliza mpaka mwisho, kisha achague kinachoifaa kazi yake.

Ng'ombe wa pili alichukua kurasa 60. Mwanzoni michoro ilitofautiana kidogo sana, maana kitu kizito hakiondoki ghafla. Kwato ziligusa ardhi zikabaki hapo kwa kurasa kadhaa, mwili ukashuka, nundu ikafuata.

Baba alizipitisha kurasa mara tatu bila kusema neno. Wadogo wakawa kimya, wakimtazama usoni.

"Huyu amechoka," akasema. "Mpumzishe."

Mtoto akaenda kutafuta daftari jingine.