Kenafu: uikate lini, na umkatie nani?

Leo siandiki juu ya Linux wala simu mpya. Kuna swali la shambani ambalo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, na kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyoona kuwa ni swali la sisi waandishi wa programu pia. Aliyekuja kutafuta habari za kompyuta avumilie kidogo, zitafika.

Mjomba wangu anafuga ng'ombe watatu wa maziwa upande wa Bungoma. Kwa miaka mingi chakula chao kilikuwa nyasi ya nepia. Mnaotoka magharibi mnajua yaliyoipata nyasi hiyo: ugonjwa wa kudumaa, majani yanageuka manjano, shina linabaki fupi, ukiikata mara chache inakufa. Basi akatafuta kitu kingine cha kupanda kwenye robo ekari, akapewa mbegu za kenafu. Zilikuja na karatasi yenye maelezo mafupi: ukitaka chakula cha mifugo, kata kati ya siku ya 60 na ya 90; ukitaka nyuzi, kata kati ya siku ya 120 na ya 150. Akanipigia simu. "Mjomba, si wewe ni mtu wa kompyuta? Nitengenezee kitu cha kunikumbusha kwa simu, nisije nikapitisha siku."

Kuhesabu siku na kutuma ujumbe mfupi ni kazi ya nusu saa. Lakini kabla ya kuandika mstari wowote mimi hupenda kujua namba zimetoka wapi, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kwa wasioijua, kenafu kwa jina la kitaalamu ni Hibiscus cannabinus, ndugu wa bamia na pamba, na asili yake ni hapa hapa Afrika. Hilo neno la pili maana yake ni "kama bangi", kwa sababu aina nyingine zina majani yaliyopasuka vidole vidole. (Mjomba alienda mwenyewe kumweleza chifu kabla majirani hawajamwelezea.) Nyuzi zake hazimo kwenye jani kama za mkonge, zimo kwenye gamba la shina. Gamba hilo ni kama asilimia 35 hadi 40 ya uzito wa shina kavu, na kilichobaki ndani ni mti mwepesi. Mkonge unaweza kukusubiri. Hukukata mwaka huu, utakata mwakani. Kenafu ni ya msimu mmoja, ikipita imepita.

Sasa tazama kinachotokea mmea unapokua. Protini iko kwenye majani. Vipimo vilivyofanywa Marekani vilipata protini ya asilimia 14 hadi 34 kwenye majani, na 2 hadi 12 tu kwenye shina. Kenafu ikiwa changa, majani ni sehemu kubwa ya mzigo unaokata. Ikirefuka, majani ya chini yanakosa jua na kuanguka, na shina linazidi kuwa gumu. Kwa hiyo kila wiki unayongoja unapata mzigo mzito zaidi wenye protini kidogo zaidi kwa kila kilo.

Mtu atasema, si kitu, nitampa ng'ombe kingi zaidi. Haiwezekani, tumbo lina mwisho. Ng'ombe wa kilo 400 hula kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, anakula kenafu peke yake. Ikiwa na protini ya asilimia 20 atapata kilo 2.4. Ikiwa na asilimia 10 atapata kilo 1.2, na tayari ameshiba. Kule shambani unaona rundo kubwa na kufurahi, kwenye ndoo ya maziwa unaona ukweli.

Anayetaka nyuzi anataka kinyume cha haya yote. Anataka shina refu, jembamba, lisilo na matawi, likatwe maua yanapoanza kufunguka na mbegu bado hazijakomaa. Akichelewa nyuzi zinakuwa ngumu na hazitengani vizuri zikilowekwa. Tena shina la namna hiyo huliamui siku ya kukata, unaliamua siku ya kupanda, kwa kusonganisha miche: mapendekezo ya Marekani ni miche 75,000 hadi 150,000 kwa ekari. Kwa robo ekari ya mjomba ni karibu 19,000 hadi 37,000. Ukipanda kwa nafasi, mmea unatoa matawi, na hapo hakuna kamba ya maana.

Lakini namba za ile karatasi zilinisumbua kwa sababu nyingine. Kenafu nyingi zilizoboreshwa kwa ajili ya nyuzi zinasoma saa. Aina za Everglades 41 na Everglades 71, zilizotengenezwa Florida, hazitoi maua mpaka urefu wa mchana ushuke hadi kama saa 12 na nusu. Huko hilo hutokea mwezi wa Septemba. Mkulima wa kule akipanda Mei ana miezi minne ya mmea kurefuka tu bila kufikiria maua, na ndiyo maana hufikia mita 3 au 4. Siku 120 zake zina maana.

Bungoma je? Tuko karibu na ikweta. Mchana wetu ni saa 12 na dakika chache, Januari hadi Desemba. Yaani sharti la "kama mchana ni chini ya saa 12 na nusu, toa maua" kwetu ni kweli kila siku ya mwaka! Mnaoandika programu mnaelewa maana yake: sharti ambalo ni kweli daima si sharti tena. Mmea wa aina hiyo ukishapita utoto wake, unaanza kutoa maua ungali mfupi, na ukishaanza maua kurefuka kunapungua. Zipo aina zisizojali sana urefu wa mchana, kama Guatemala 4 na Cuba 2032, na kwa sisi wa ikweta hizo ndizo za kutafuta. Pakiti ya mjomba haikuwa na jina la aina yoyote.

Kwa hiyo programu niliyomwandikia haimwambii "leo kata". Kuanzia siku ya 45 inamtumia ujumbe kila Jumamosi wenye maswali matatu: mmea umefika wapi mwilini mwako, majani ya chini yameanza kuanguka, umeona vikonyo vya maua? Anajibu kwa namba, na majibu ndiyo yanayoamua. Mjomba aliniambia huo si ukumbusho, ni mtihani. Wiki ya nane alijibu: kifuani, ndiyo, ndiyo. Kwa kalenda ya karatasi alikuwa hata hajafika siku ya 60.

Wakati huo huo alikuwa na mtu wa simu aliyesema atanunua nyuzi, bei nzuri, hakuna maandishi. Karo ya Januari inamsubiri mjomba, namwelewa. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima. Shina la kifuani lenye maua si la nyuzi. Tena nyuzi zinahitaji kulowekwa majini siku kumi au zaidi, bakteria wale kile kinachogandisha gamba, na maji hayo yananuka na kumaliza hewa ya samaki. Maji aliyo nayo karibu ni kijito ambacho boma saba huchota. Hapo sikuhitaji kumshawishi. "Mjomba, siwezi kuwanywesha watu hayo," alisema mwenyewe.

Alikata Jumatatu iliyofuata, akaacha kisiki cha chini chenye vikonyo vya pembeni ili kichipuke tena mvua ikiendelea. Sehemu alilisha mbichi, akiichanganya na nepia iliyobaki, nyingine aliikatakata na kuishindilia kwenye mapipa iwe silaji ya kiangazi cha Januari. Mimi bado nadhani angepata kingi zaidi kwa mbegu zinazojulikana jina.

Mistari miwili ya mwisho hakuikata, anataka mbegu. Mbegu za kenafu zina mafuta mengi na unyevu huziharibu upesi, kwa hivyo nimemwambia azikaushe sana na kuzifungia kwenye chupa. Sasa anataka programu imkumbushe na hilo. Nimeongeza swali la nne.