Macho Mawili, Picha Mbili

Viringisha karatasi mbili ziwe mithili ya mirija, kila jicho na wake. Mmoja uelekeze kwenye gazeti, wa pili kwenye kanga yenye maua makubwa. Utadhani utaona maandishi juu ya maua. Wapi! Maua yanatanda, gazeti linatoweka. Baada ya sekunde chache herufi zinajipenyeza kutoka pembeni, zinatambaa mpaka maua yamekwisha. Kisha maua yanarudi. Na muda wote huo macho yote mawili yako wazi.

Giambattista della Porta wa Italia aliliandika jambo hili mwaka 1593: aliweka kitabu mbele ya kila jicho, akajikuta anasoma kimoja tu kwa wakati. Mwaka 1838 Charles Wheatstone, Mwingereza, akalionyesha kwa herufi mbili na chombo chake cha vioo. Ubongo ukiletewa picha zisizopatana hauzisuluhishi, unazipa zamu. Ukikaza nia utaichelewesha mojawapo, lakini kuizuia nyingine isije, huwezi.

Kinachonishughulisha mimi ni ule uhakika. Zamu ya maua ikifika, ningeapa kwamba gazeti halipo, ilhali mwanga wake unaingia jichoni vilevile. Nimekaa katika vikao vya mirathi nikaliona hilohilo. Shangazi anasema marehemu alimpa shamba kwa mdomo. Mdogo wake ana hati. Akisema huyu, yule anaonekana mwongo mtupu. Tukitoka nje tunanong'ona kwamba fulani kapofushwa na tamaa (sisi wenyewe, bila shaka, tunaona sawasawa!). Ndiyo maana nampenda mzee anayeongoza kikao kwa kumtaka kila mtu aeleze kwanza hoja ya mwenzake, mpaka mwenzake aitikie, "Naam, ndivyo nilivyosema."

Zamu ina nafuu yake. Kibaya ni upande mmoja kunyamazishwa moja kwa moja. Mtoto mwenye kengeza huletewa picha mbili zisizolingana, na mara nyingi ubongo wake hulipuuza jicho moja. Jicho lenyewe laweza kuwa zima, lakini kwa kutosikilizwa uoni wake hudhoofika. Tiba mojawapo ni kuliziba lile lenye nguvu kwa saa kadhaa kila siku, ili lililopuuzwa lilazimike kufanya kazi. Hufaa zaidi utotoni. Basi ukimwona mwanao ana kengeza, usiambiwe litaisha lenyewe. Mpeleke kliniki ya macho mapema.