Ngeli ya Jina Moja

Katika somo la sarufi, ngeli ya PA huzua swali lilelile kila mwaka. Ina jina moja tu, mahali, ambalo wengine hulitamka pahali. Tunasema "mahali hapa ni pazuri", na hatupati jina la pili la kuliweka kando yake. Basi wenzangu huuliza: ngeli ya jina moja ni ngeli kweli?

Mimi jibu nililipata katika Ruby, lugha ya programu iliyobuniwa na Mjapani Yukihiro Matsumoto na kutolewa kwa umma mwaka 1995. Katika Ruby kila kitu kina klasi, na klasi ndiyo inayohifadhi matendo ya vitu vyake. Tuchukue klasi Mbwa yenye mbwa wawili, Simba na Chui. Wote hubweka, kwa sababu kubweka kumeandikwa katika Mbwa. Lakini Ruby inaruhusu kumfundisha Simba peke yake kuimba. Ukimwagiza Chui aimbe, programu italeta kosa.

Kuimba huko kumeandikwa wapi? Si katika Mbwa, maana Chui naye angeimba. Si ndani ya Simba, maana kitu hubeba data zake tu. Ruby humwundia Simba klasi singletoni, yaani klasi ya kitu kimoja, na kuiweka mbele ya Mbwa. Simba akiagizwa tendo, Ruby hulitafuta humo kwanza. Isipolipata, hupanda hadi Mbwa, kisha kwa wazazi wa Mbwa. Ndiyo maana Simba anaimba na bado anabweka. Ukimwuliza klasi yake atajibu "Mbwa". Ile nyingine haitaji. Ukimnakili kwa amri dup, nakala haiimbi. Ukitumia clone, inaimba.

Hapo nilielewa kwamba klasi si kapu la kuhesabia vitu. Ni mahali pa kuwekea kanuni, na kanuni ya mmoja nayo inahitaji pa kukaa. PA ni ngeli kwa sababu inashika hapa, pale, pana na pazuri, hata kama jina lake ni moja. Tena PA ni karimu kuliko singletoni: huyaazima majina mengine upatanisho wake, kama katika "nyumbani pana watu".

Huku Lubumbashi, nje ya darasa, mahali huitwa fasi, nasi husema "ile fasi". Fasi imechukua maana ya mahali bila kuchukua PA, kama nakala ya dup. Wengi huliita jambo hilo uharibifu wa lugha. Lakini wasemaji wote wa mjini hulisema vilevile, kwa hiyo lina kanuni. Kazi yetu katika kitivo hiki, kabla ya kulipigia mstari mwekundu, ni kuonyesha kanuni hiyo imeandikwa wapi.